Ushauri kwa Walinzi wa Mitandao Juu ya Arifa Zisizotakiwa

Programu ya kuangalia mtandao haina jicho wala hukumu. Ina maswali tu, ambayo huyauliza kwa saburi isiyochoka, kila dakika moja au kila dakika tano, kwa kila swichi, ruta, seva na printa iliyoandikishwa ndani yake, na jawabu lolote lisilolingana na lile iliyofunzwa kulitarajia hulipeleka kwa mwanadamu kwa jina la arifa. Kwa hiyo arifa isiyotakiwa, ile inayomwamsha fundi saa nane za usiku kumjuza kwamba printa ya idara ya hesabu imezimwa, si kosa la mashine, wala aghalabu si kosa la kifaa kilichoileta. Ni swali lililoulizwa mahali lisipostahili, au lililoulizwa kwa haraka mno, au ni jawabu lililopelekwa kwa mtu asiyehusika nalo. Nimeona ni wajibu kuliandika jambo hili kwa urefu, kwa kuwa mafundi wengi katika ofisi, vyuo, hospitali na mabenki yetu wamekabidhiwa programu hizi bila ya kufundishwa namna ya kuzitiisha, na wengi wao, baada ya miezi michache ya kusumbuliwa, huacha kuzisoma arifa zao kabisa.

Hatari ya hali hiyo imekwisha kupimwa mahali ambapo gharama yake ni kubwa kuliko usingizi wa fundi. Tarehe 24 Julai 1994, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco kilichoko Milford Haven, katika nchi ya Wales, radi ya asubuhi ilivuruga mitambo, na baada ya saa kadha za mahangaiko ukatokea mlipuko mkubwa. Na wachunguzi wa serikali ya Uingereza walipoyapitia yaliyojiri walikuta kwamba katika dakika 11 za mwisho waendesha mitambo wawili waliokuwa zamu waliletewa kengele 275, yaani 25 kwa kila dakika, na haiyumkini mwanadamu yeyote, awe hodari wa namna gani, kuzisoma, kuzifahamu na kuzitendea kazi kengele za idadi hiyo. Mwongozo wa viwandani uliotolewa na jumuiya ya EEMUA mwaka 1999, unaofahamika kwa nambari yake 191, huelekeza kwamba katika siku za kawaida mwendesha mitambo mmoja asipewe zaidi ya kengele moja kwa wastani wa kila dakika 10. Na huko Marekani, mwishoni mwa mwaka 2013, wezi walipoingia katika mtandao wa maduka ya Target wakachukua nambari za kadi za benki zipatazo milioni 40, taarifa iliyoandikwa na maofisa wa kamati ya Seneti mwaka uliofuata ilieleza kuwa programu za ulinzi zilikuwa zimekwisha kutoa indhari zaidi ya mara moja, wala hazikufuatiliwa. Mtu aliyezoea kuletewa arifa mia zisizo na maana haipuuzi ile ya mia na moja kwa uvivu. Arifa zenyewe ndizo zilizomfunza kuipuuza, na kumlaumu peke yake ni kukosa insafu.

Basi hatua ya kwanza si kuzima kitu chochote, bali ni kuhesabu. Zikusanye arifa za mwezi mzima, uzipange kwa jina la kifaa na kwa aina ya tatizo, kisha uzipitie kwa utulivu kama karani anayefunga hesabu za mwaka. Aghalabu utakuta kwamba vifaa vichache mno ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya makelele: ruta moja ya tawi lenye umeme mbovu, swichi moja ya ghorofa ya chini, diski moja iliyokaribia kujaa tangu mwaka jana. Kwa kila kundi uliza swali moja tu, nalo ni hili: arifa hii ilipofika, nani alitenda nini? Ikiwa jawabu kwa mwezi mzima ni kwamba hakuna aliyetenda lolote, na hapana madhara yaliyofuata, basi jambo hilo halistahili kuitwa arifa. Linaweza kustahili kuandikwa katika kumbukumbu, lisomwe siku lihitajiwapo. Linaweza kustahili kuwa kazi ya kesho asubuhi. Lakini kumwamsha mtu halistahili. Tofauti ya daraja hizi tatu, kumbukumbu, kazi ya kesho, na wito wa sasa hivi, ndiyo msingi wa yote nitakayoyasema, na fundi asiyeipambanua atazunguka katika vitufe vya programu yake mwaka mzima bila ya kupata nafuu.

Mfano ulio mwingi kuliko yote ni ule wa poti za swichi. Kifaa kinachofuata kanuni za SNMP, zilizotolewa mwaka 1988 na ambazo hata leo ni lugha ya kawaida ya swichi na ruta, kina njia mbili za kusema: husubiri kuulizwa na programu, au husema chenyewe bila ya kuulizwa, kwa kutuma ujumbe mfupi uitwao trapu. Miongoni mwa trapu za asili kabisa ni ile inayotangaza kwamba poti fulani imekatika, na nyingine inayotangaza kwamba imerudi. Katika poti inayounganisha jengo na jengo, habari hiyo ni ya thamani kubwa. Lakini swichi yenye poti 48 iliyowekwa katika ghorofa ya makarani hutangaza habari hiyohiyo kila karani anapoizima kompyuta yake jioni na anapoiwasha asubuhi. Ikiwa poti zote zinatumika, hizo ni trapu 96 kwa siku kutoka katika swichi moja, na jengo lenye swichi 10 litatoa 960, zote za kweli, zote sahihi, wala hata moja haimfai mtu.

Dawa yake ni kwenda kwenye swichi yenyewe, na kuziamuru poti za watumiaji zisitume trapu za kukatika na kurudi, huku ukiziacha zile za njia kuu, za seva, na za mitambo ya waifai ziendelee kusema. Kazi hii huwa nyepesi mno ikiwa kila poti imeandikwa maelezo yake, kwa sababu programu kama Zabbix na LibreNMS zinaweza kuelekezwa zichague vitu vya kuangalia kwa kufuata maneno yaliyomo katika maelezo hayo: poti iliyoandikwa kuwa ni njia kuu hupewa arifa, na isiyoandikwa kitu huachwa. Nasisitiza sana jambo hili la maelezo ya poti, ambalo mafundi wengi hulidharau, kwa kuwa ndilo linaloiwezesha mashine kujua lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Aidha programu ifundishwe kutofautisha poti iliyofungwa kwa makusudi na msimamizi na poti iliyokatika yenyewe, maana swichi huziweka habari hizo mbili mbalimbali, na kumpigia mtu kelele kwa jambo alilolifanya kwa mkono wake ni kumvunjia heshima.

Jambo ninaloliona kuwa baya kuliko kelele yenyewe ni desturi ya kuzizika arifa katika sanduku la barua. Fundi hujiwekea kanuni ya kuzihamisha barua pepe zote za programu katika jalada la pembeni, akasema amepumzika. Hakupumzika, ameukata waya wa kengele akauacha mlango wazi. Arifa isiyofaa izimwe pale inapozaliwa, katika kifaa au katika programu, ambapo kila mwenzake anaweza kuona kwamba imezimwa na kwa sababu gani, wala si katika barua zake binafsi ambamo siku akisafiri hapana ajuaye lililofichwa.

Na maadamu tumezitaja trapu, ifahamike kwamba trapu ya kawaida husafirishwa bila ya stakabadhi: kifaa huituma mara moja, na ikipotea njiani hapana anayejua, na hupotea hasa wakati mtandao umeharibika, yaani wakati inapohitajiwa zaidi. Kwa hiyo mambo mazito yasitegemee trapu peke yake. Programu iulize pia kwa zamu zake, au kifaa kitumie ule ujumbe wa jamaa yake, uliokuja na toleo la pili la SNMP, ambao mpokeaji hana budi kuujibu.

Zipo arifa ambazo si za kweli kabisa, ingawa tarakimu zake zinaonekana sahihi. Nitataja tatu, kwa kuwa nazikuta karibu kila mahali. Ya kwanza ni ile ya ruta inayoshutumiwa kupoteza ping. Ruta nyingi huyahesabu majibu ya ping kuwa kazi ya mwisho kwazo, na zikiwa na shughuli ya kupitisha data za watu huyachelewesha au huyaacha. Ping kwa ruta ikipotea ilhali ping kwa seva iliyo nyuma yake inapita salama, ruta haina kosa, na kipimo cha haki ni kile cha seva. Ya pili ni ile ya kumbukumbu ya seva za Linux iliyojaa kwa asilimia 95. Mfumo huo huitumia kwa makusudi nafasi isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huitoa mara moja programu nyingine inapoihitaji. Kitu cha kupima ni kiasi kinachoweza kupatikana, si kiasi kinachoonekana kutumika. Ya tatu ni ngumu kidogo, nayo huwatia wengi tashwishi: grafu ya njia kuu inaonyesha kupanda na kushuka kusikowezekana, na arifa za msongamano zinakuja na kuondoka bila ya mpango. Sababu ni kwamba kihesabio cha zamani cha SNMP kina upana wa biti 32, na kwenye njia ya gigabiti moja kwa sekunde iliyojaa sawasawa huzunguka na kuanza tena sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi. Programu inayokuja kusoma kila dakika tano haiwezi kujua kimezunguka mara ngapi. Kwa njia za kasi hiyo viamriwe kusomwa vihesabio vya biti 64, na mushkili utakwisha siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye haraka. Tuseme una vifaa 300, na kila kimoja huulizwa kila dakika: hayo ni maswali 432,000 kwa siku. Ikiwa swali moja tu katika kila 10,000 linakosa jibu kwa bahati mbaya, kwa kuwa pakiti moja ilipotea, utapata arifa 43 kila siku zisizo na ugonjwa nyuma yake. Kwa sababu hiyo Nagios, programu iliyoandikwa na Ethan Galstad na kutolewa mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, iliweka tofauti baina ya hali laini na hali ngumu: kifaa kikikosa kujibu mara ya kwanza huwekwa katika hali laini, kikaulizwa tena na tena kwa idadi uliyoichagua, na hapo ndipo kikakubaliwa kuwa kimeanguka na arifa kutumwa. Mara tatu kwa nafasi ya dakika moja hutosha kwa vifaa vingi. Asemaye kwamba anataka kujua papo hapo, na aulizwe kama amewahi kufika kwenye mtambo wake kabla ya dakika tatu kwisha.

Ndugu yake wa karibu ni kifaa kinachoyumba. Chumba cha seva kimewekewa kikomo cha joto cha nyuzi 30, na adhuhuri ya mwezi wa Februari joto linacheza baina ya 29 na nusu na 30 na nusu; kila likivuka arifa, kila likishuka arifa ya kupona, na simu ya fundi haitulii hata jua lizame. Kikomo cha kuumwa na kikomo cha kupona visiwe kimoja. Iamriwe kwamba tatizo linaanza kwenye nyuzi 30, wala halihesabiwi kwisha mpaka joto lishuke chini ya 27, na arifa 20 zitakuwa moja. Zabbix hukuruhusu kuandika sharti la kupona mbali na sharti la kuumwa; Nagios nayo huyatazama majibu 21 ya mwisho, na ikiona yamebadilika kupita kiasi hukitangaza kifaa kuwa kinayumba, ikanyamaza mpaka kitulie. Lakini kunyamaza huko si tiba. Poti inayokatika na kurudi mara kwa mara ina waya mbovu, au plagi iliyolegea, au umeme unaoyumba, na mtu aende na tochi akaitazame.

Wingi unaotisha kuliko wote, hata hivyo, ni ule unaotokana na sababu moja. Ruta ya tawi la mbali ikizimika, swichi zilizo nyuma yake, kamera, simu, printa na kompyuta zote hazionekani tena, na programu isiyofahamu mpangilio wa mtandao huleta arifa 40 ambapo ukweli ni mmoja. Na mbaya zaidi, ule ukweli mmoja umo katikati ya zile 40, umezikwa. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipopata hitilafu, watumiaji wa Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani waliuona mtandao ukizorota. Na katika saa kama hizo programu ya kampuni inayopima seva zilizoko ng'ambo huzitangaza zote kuwa zimekufa, na kila mkuu wa idara hudhani chake ndicho kilichoharibika. Kinga yake ni kuiambia programu nani anamtegemea nani. Katika Nagios kila kifaa hutajiwa mzazi wake, na mzazi akianguka watoto hawasemwi kuwa wameanguka bali kuwa hawafikiki, ambayo ni hukumu ya haki. Katika Zabbix kigezo cha arifa hufungwa na kigezo kingine, kikanyamaza kikubwa kinaposema. Kwa njia za ng'ambo weka vituo viwili au vitatu vya kupima, kimoja kwa mtoaji wako wa intaneti na vingine mbali, ili uwe na yakini tatizo liko baharini au liko chini ya meza yako.

Kazi ya kuandika utegemezi huu huchosha, nami sifichi. Inataka mchoro wa mtandao ulio sahihi, na ofisi nyingi hazina. Lakini mchoro huo ungehitajiwa hata kama programu isingekuwapo, na fundi atakayeutengeneza kwa ajili ya arifa atakuwa ameifaa ofisi kwa mambo mengine mengi.

Umeme wetu unataka neno lake peke yake. UPS ya tawi hutoa habari kila inapohamia kwenye betri, na mahali ambapo umeme hukatika na kurudi mara kadha kwa siku, habari hiyo haina uzito. Habari yenye uzito ni kwamba umeme haujarudi kwa dakika tano, na nzito zaidi ni kwamba betri imebakiwa na dakika 10, kwa sababu hapo kuna tendo: kuziweka seva chini kwa usalama au kumpigia mwenye jenereta. Diski nayo ni vivyo hivyo. Asilimia 90 ya diski ya terabaiti nne imebakiza gigabaiti 400, ambazo huenda zikatosha mwaka, ilhali asilimia 90 ya diski ya gigabaiti 20 imebakiza mbili tu. Ni afadhali kuuliza itajaa baada ya siku ngapi kwa mwendo wa sasa, swali ambalo programu za leo zinaweza kulikokotoa.

Kazi zilizopangwa zitangazwe kwa programu kabla ya kuanza. Kila programu yenye heshima ina mahali pa kuandika kwamba kifaa fulani kitakuwa katika matengenezo tangu saa fulani hata saa fulani, na katika muda huo hunyamaza. Kanuni yangu hapa haina msamaha: kimya chochote kiwe na mwisho, kiwe na jina la aliyekiweka, na kiwe na sababu iliyoandikwa. Kimya kisicho na mwisho husahauliwa, na seva iliyonyamazishwa kwa saa mbili za ukarabati hukutwa miezi mingi baadaye, diski zake zimekufa, ikiwa bado imenyamazishwa.

Kuhusu madaraja ya uzito nitasema kidogo. Syslog ina madaraja manane, tangu sifuri ambayo ni hatari kuu hata saba ambayo ni maelezo ya mafundi; Zabbix ina sita. Yote yaachwe katika kumbukumbu, lakini kwa binadamu yapunguzwe yawe yale matatu niliyoyataja. Wito wa sasa hivi uende kwa mtu mmoja aliye zamu, mwenye jina, na asipoupokea baada ya muda uliowekwa uende kwa wa pili. Arifa inayopelekwa kwa watu 15 kwa pamoja kila mmoja humdhania mwenzake kuwa anaishughulikia. Na aipokeaye akubali katika programu kwamba ameipokea, ili isiendelee kujirudia na wengine wajue ina mwenyewe. Ndani ya arifa yenyewe yaandikwe kwa lugha nyepesi jina la mahali, kilichoharibika, watakaoathirika, na hatua ya kwanza ya kuchukua, kwa kuwa anayeisoma huenda ni kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita, yuko peke yake, na ni usiku.

Yote haya yakifanywa, kimya kitaingia, na kimya nacho kina hadhari yake. Programu iliyokufa haileti arifa, na kwa macho ya msimamizi inafanana na mtandao ulio mzima. Kwa hiyo nayo iangaliwe na mwingine, kwa mashine ya pili iliyo mahali pengine, inayotarajia salamu yake kila dakika chache na kupiga kelele inapoikosa. Njia ya kupelekea arifa isiwe ileile inayoangaliwa, maana barua pepe inayoarifu kwamba intaneti imekatika haiwezi kutoka ofisini. Modemu ndogo yenye laini ya simu, inayotuma SMS, ni kitu cha bei ndogo, nami sijui kwa nini ofisi nyingi hazinayo. Na mara moja kwa mwezi, kwa idhini ya mkubwa na katika saa isiyo na kazi nyingi, ng'oa waya wa kifaa kimoja kinachojulikana, ushike saa mkononi, utazame arifa inachukua muda gani kufika, inafika kwa nani, na aliyeipokea anakwenda kufanya nini. Andika matokeo katika daftari la zamu pamoja na orodha ya arifa zote zilizonyamazishwa na siku ambayo kila moja itakwisha, umkabidhi anayeingia.